Golikipa Ana Mama

Drumcorra
Jumatano, 12 Februari 1986

Mwanangu Malachy,

Naomba barua hii ikukute umekula na umevaa fulana ya ndani, maana redio imesema huko London barafu haijayeyuka bado. Sisi tuko salama. Kifua cha baba yako kimetulia tangu aache kwenda zizini kabla ya chai. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume, mkubwa mno, mdogo wako Cathal ilibidi amvute kwa kamba, na mimi nyuma yake na chupa ya maji ya baraka nikimnyunyizia yeye na ng'ombe pamoja. Msalaba wa majani wa Mtakatifu Brigida nimeshausuka, uko juu ya mlango. Wako mdogo umo humu ndani ya bahasha. Utundike, hata wenzako wakicheka.

Gazeti nimekutumia kama kila wiki. Utaona ukurasa wa michezo haupo. Usinilaumu. Nilikuwa nafunga mayai ya Dympna wa posta, mkono ukashika karatasi ya kwanza iliyokuwa karibu, nakuja kugundua mayai yameshaondoka. Hata hivyo hukukosa kitu. Timu ya kaunti ilicheza Jumapili, tukafungwa. Lakini vijana walijitahidi, Malachy. Mvua ilikuwa inatupiga kwa ubavu, uwanja umegeuka bwawa la bata, na sikuona hata mmoja aliyeacha kukimbia. Wawili walitoka Dublin asubuhi ileile kwa gari bovu, na Jumatatu saa mbili wako kazini. Hawalipwi hata senti, wanacheza kwa sababu ndipo walipozaliwa, basi. Niliwatazama wakitoka, matope mpaka kwenye meno, nikasema moyoni, mama wa hawa wana bahati.

Cathal hajambo, anakusalimu. Ana shughuli nyingi siku hizi.

Usilale na soksi mbichi.

Mama yako,
Attracta


Cricklewood, London
19 Februari 1986

Mama mpendwa,

Msalaba umefika mzima. Uko juu ya kitanda changu na hakuna aliyecheka, maana wote humu chumbani wana mama. Nimefurahi kusikia kifua cha baba kimepoa. Mwambie Cathal huyo ndama asimuuze kabla sijamwona. Mimi ni mzima, kazi ipo, tunajenga jengo la ghorofa tisa na mimi niko ya sita.

Sasa hayo mayai, Mama. Miaka miwili umekuwa ukinitumia gazeti na hata siku moja hujawahi kufunga mayai kwa ukurasa wa michezo. Huwa unafungia matangazo ya vifo, ukishayasoma.

Jumapili ile nilipanda kilimani na redio, maana huku bondeni stesheni ya nyumbani haishiki. Ikakoroma, ikaleta wimbo wa Kifaransa, ikakoroma tena, kisha nikasikia "golikipa mpya", na baada yake "goli la nne". Magoli manne, Mama! Katika mpira wetu wa Kigaeli kila goli pointi tatu, wa juu ya mwamba moja tu, hesabu mwenyewe. Jina la huyo golikipa lilimezwa na mkoromo, na ni heri yake.

Jumatatu hii kazini kuna jitu la kaunti ya Kerry linaitwa Batt. Huko kwao makombe wanayatumia kuwekea maua. Akaniita mbele ya watu wote: "Malachy! Hivi ninyi huwa mnaingia uwanjani kucheza, au mnapita tu mkienda kanisani?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kicheko kile kiliniuma kuliko tofali likiangukia mguu.

Unajua nilivyokaa. Miaka mitatu nilikuwa golikipa wa akiba, nimevaa jezi chini ya koti, na tope la uwanja ule halijawahi kunigusa. Hata dakika moja hawakunipa. Nikaondoka. Na leo wameokota mtu njiani wakamsimamisha pale nilipongoja mimi. Safari hii sikunyamaza. Nimeandika mahali. Usiniulize wapi.

Nisalimie wote.

Malachy


Drumcorra
Jumatatu, 3 Machi 1986

Mwanangu Malachy,

Natumaini u mzima na hiyo ghorofa ya sita ina kitu cha kujishikia. Kila nikipiga magoti kwa rozari naiona, sala zinachanganyika, juzi nimeombea jengo badala ya marehemu. Baba yako anakohoa kidogo kwa sababu ya upepo wa mashariki. Viazi vya mbegu vimeshachipua. Dympna wa posta anakusalimu na anauliza kama umepata mchumba, nimemwambia hilo aandike mwenyewe.

Sasa nina jambo, na sijui kuandika vizuri, nilitoka shule na miaka kumi na mbili, kwa hiyo utanisoma polepole.

Gazeti la wiki iliyopita lilikuwa na barua ya mtu wa London. Baba yako alituvalia miwani akatusomea mezani, kwa sauti, maana alidhani ni ya kuchekesha. Imesema timu yetu ni msafara wa mazishi uliovaa bukta. Baba yako akacheka. Ikasema golikipa alisimama kama mtu anayesubiri basi siku ya Jumapili. Baba yako akaacha kucheka, lakini sauti ilikuwa imeshika mteremko, akaendelea mpaka chini: "Arudishwe kwao akakamue." Imesainiwa Mtoto wa Kaunti, London.

Cathal alikuwa anakula. Akaweka uma chini akasema, "Kwetu ni hapa. Na kweli sijakamua bado." Akatoka kwenda zizini. Nyama na kabichi vikapoa mezani.

Golikipa ni Cathal, Malachy.

Yule wa siku zote alivunjika kidole Jumamosi, na Mwalimu Tighe, ambaye ndiye kocha sasa, akaja hapa uani na viatu vya shuleni, akakanyaga alichokanyaga, akamwomba Cathal. Mtoto alikuwa mweupe kama maziwa. Alikubali. Na yale magoli manne, mimi nilikuwepo, mawili hata askofu na fimbo yake asingeyazuia. Lakini aliokoa mengine sita, na mpira mmoja uligonga kifua chake nikausikia mpaka jukwaani.

Nyuma yangu alikaa Hubert Bohan wa duka la mbolea, anapiga kelele tangu dakika ya kwanza. "Golikipa, hiyo mikono ni ya kukamulia tu!" Nikavumilia. Kisha akasema, "Mleteni mama yake adake yeye!" Nikageuka. Nikamwambia, "Mama yake ni mimi, Hubert. Nishikie mkoba nishuke." Watu walicheka mpaka wakasahau goli la tatu. Hubert naye ana aibu zake, aliniletea chai wakati wa mapumziko, na sukari aliikoroga mwenyewe.

Hubert nimemsamehe kwa sababu alilowa mvua ileile. Huyu wa London alikuwa pakavu. London ni kubwa, najua, lakini watu wetu mnaonana kanisani na baa. Ukikutana naye, huyo Mtoto wa Kaunti, mwambie golikipa ana mama.

Ni mimi,
Mama yako


Cricklewood, London
24 Machi 1986

Mama mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na kazi, halafu kulikuwa na mvua. Mvua ya huku si kama ya nyumbani, hii haina mwelekeo, inakaa tu hewani. Mapipa yote yamejaa. Tulisimama kazi siku mbili, tukaanza, tukasimama tena. Batt wa Kerry amevunjika mguu. Nimemnunulia baba soksi za sufu, zimo kwenye kifurushi pamoja na chai ya huku uionje, ingawa haifiki popote kwa yetu. Pasaka nitakwenda misa ya saa nne. Nimepaka rangi dirisha la chumba.

Kuhusu mtu yule sijasikia kitu.

Heri ya Pasaka kwa wote.

Malachy


Drumcorra
Jumatatu, 14 Aprili 1986

Mwanangu Malachy,

Soksi zimefika, baba yako hazivui. Chai tumeionja. Tumempa jirani. Ndama anakua, na jicho la ng'ombe mweusi limepona.

Umeniandikia habari za mvua ukurasa mzima na kwa ndugu yako hakuna hata neno la salamu. Mimi sisemi kitu. Nakuambia tu yaliyopo hapa.

Cathal ameacha mpira. Viatu amevifunga kamba akavitundika kwenye banda la kuku, na kuku mmoja ameshaanza kutaga humo. Jumanne na Ijumaa, saa za mazoezi, anatoka kwenda kurekebisha uzio ambao hauna tatizo. Kidole cha yule golikipa mwingine hakikuunga vizuri, hatacheza tena mwaka huu. Tarehe nane Juni ni mechi ya ubingwa na Galway, pale kwetu, na hatuna mtu golini.

Mwalimu Tighe amekuja mara tatu. Mara ya mwisho alikaa kwenye kiti chako, chai ikapoa mkononi. Akamwambia Cathal, "Mwanangu, mimi nafundisha siku nzima, halafu naendesha gari maili arobaini kuja kusimama matopeni na vijana ambao watu wanawazomea sokoni. Wakipiga kelele ina maana bado wanakuja. Nitaogopa siku wakinyamaza." Cathal akajibu, "Wa uwanjani nawajua, Mwalimu. Wananizomea Jumapili, Jumatatu wananiazima trela. Yule wa kwenye gazeti ndiye siwezi. Aliandika akiwa ametulia. Alinunua na stempu."

Mimi nilikuwa naosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

Na sasa nikuambie kosa langu, kwa sababu sipendi kuwa nakudai wewe na mimi nimeficha. Hakukuwa na mayai. Ukurasa ule niliukata kwa mkasi wa cherehani. Ulikuwa na picha ya Cathal amevaa ile jezi. Nilikukumbuka wewe miaka mitatu unarudi Jumapili na jezi safi, nami naifua hivyohivyo ili usijisikie vibaya, naitundika kwenye kamba na haina doa. Nilisema moyoni, akimwona mdogo wake ndani yake atakula nini siku hiyo? Nikakata. Ningeuacha ukurasa ule, mengine yasingetokea. Hilo nalijua na linaniamsha kabla ya jogoo.

Zimebaki wiki saba na siku sita. Nimehesabu kwenye kalenda ya parokia.

Mungu akulinde huko juu.

Mama


Cricklewood, London
4 Mei 1986

Mama,

Wote hamjambo, natumaini. Mimi sijambo mwilini.

Ulijua. Ulijua tangu siku ile baba anasoma, sivyo? Mara tatu nimekaa kukujibu na mara tatu nimeandika habari za mvua.

Ni mimi. Niliandika Jumatatu ile ya Batt, kwenye meza ya baa, na niliona maneno yangu ni matamu sana. Niliyarudia kwa sauti. Watu wa kwetu walikuwepo wanne, wakanipigia makofi. Hakuna mmoja wetu aliyemjua golikipa, na hakuna aliyeuliza. Nilitaka awe mtu wa njiani. Nilitaka awe mbaya, Mama, ili wale walioninyima wajute. Huo ndio ukweli wote na ni mdogo sana ukiutazama.

Wewe usijisumbue na mkasi wako. Ungeniachia picha ningekula vizuri tu. Au nisingekula, halafu siku ya pili ningekula.

Jana nilimwambia Batt kila kitu, ana mguu kwenye plasta na hawezi kukimbia. Nilidhani atacheka. Akaniambia, "Sisi kule kwetu tumeshiba ushindi. Mtu akishiba hana shukrani. Lakini vijana wanaofungwa kila mwaka na kila mwaka wanafunga tena kamba za viatu, hao sijui wanatoa wapi. Mimi nisingeweza." Mtu wa Kerry kasema hivyo, Mama, mbele ya mashahidi.

Kuna bahasha nyingine humu ndani, ya Cathal. Sijaomba msamaha kwa maneno mengi, sina. Nimemwambia ni mimi. Na nimemwandikia mambo ambayo golikipa wa akiba huyajua, kwa sababu miaka mitatu sikuwa na kazi nyingine ila kutazama. Kwamba wa Galway namba kumi na moja huinua bega la kulia kabla hajapiga. Kwamba upepo wa goli la upande wa makaburini hugeuka baada ya mapumziko. Akiyachoma, sawa. Usimlazimishe kusoma.

Malachy


Drumcorra
Jumanne, 10 Juni 1986

Mwanangu Malachy,

Wote wazima, ng'ombe wazima, baba yako hana sauti, na utajua kwa nini. Mboji ya kinamasi tunayowashia moto imeshakatwa na sasa inakauka, tunaomba jua la wiki mbili.

Bahasha ile nilimpa akiwa anafunga lango la shamba. Aliisoma hapohapo amesimama, akaikunja, akaiweka mfuko wa nyuma. Siku tatu ilikaa humo, mimi nilikuwa nachoma mikate ya magadi mmoja baada ya mwingine, hatuna hata pa kuiweka. Siku ya nne akaja jikoni akaniambia, "Mwandikie Malachy kwamba ana haki ya kunitukana, kaunti ni yake pia. Lakini aje anitukane uwanjani kama watu wote." Kisha akaenda banda la kuku akamwondoa yule kuku. Nami nikakaa kimya, nisikuandikie, kwa kuogopa kwamba nikisema atabadilika. Unisamehe kwa hilo, najua ulikuwa unangoja.

Jumapili sasa. Galway walikuja na mabasi kumi na moja. Sisi tulikuja wote, Malachy, hata wale walioapa hawatakanyaga tena, na Hubert Bohan alikuwa wa kwanza getini, anasema amekuja tu kuangalia nyasi. Tumefungwa. Nakuambia mapema ili usome kwa raha. Tumefungwa kwa pointi moja.

Lakini ungewaona! Sikuwahi kuona watu wakikimbia vile bila kufukuzwa. Kijana mmoja wa Dublin alipasuka nyusi akafungwa kitambaa akarudi. Na yule namba kumi na moja wao alipata penalti, nikamwona Cathal anatazama bega. Bega la kulia, Malachy. Aliruka kabla mpira haujaondoka. Akaudaka kifuani kama anapokea mtoto wa ubatizo. Hubert alinikumbatia, ananuka mbolea na machozi. Hapo ndipo sauti ya baba yako ilipobaki, nadhani bado iko kule.

Sasa hili ni la aibu na padri alikuwa safu ya mbele. Dakika ya mwisho tuko sawasawa. Mpira mrefu ukaja juu, ukaelea karibu na lango, na Cathal hakutoka. Alibaki kwenye mstari. Na mimi mama yake, mimi ambaye miezi minne nimeshindwa kula kwa ajili ya maneno ya watu, nikasimama juu ya benchi, nikapiga kelele kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi: "Toka golini wewe, unangoja kadi ya mwaliko?"

Mtu wao akaurukia, akaupitisha juu ya mwamba wa goli, pointi moja kwao, firimbi, kwisha.

Watu wakageuka kunitazama. Kisha Hubert taratibu akasema, "Attracta, huyo ni mtoto wako." Nikamwambia najua ni mtoto wangu, kwani ningesimama juu ya benchi kwa ajili ya wa mwingine? Na nilipokuwa nasema hivyo nikakuelewa wewe. Sijasema ulifanya vizuri. Nasema nilikuelewa, nikashuka kwenye benchi.

Hakuna aliyeondoka. Tulishuka wote uwanjani, tukawashika mikono mmoja mmoja, watu wanalia kama tumeshinda. Cathal alikuja, jezi hutajua ilikuwa rangi gani. Nikasema, "Mwanangu, nilipiga kelele, sijui kama ulinisikia." Akasema, "Mama, hata Malachy huko London alikusikia." Jezi nimeiloweka tangu jana na tope halijatoka, na mimi sina haraka.

Wakati naandika amekuja kusoma juu ya bega langu, amechukua kalamu, anasema anataka kuongeza mstari mmoja na nisiuguse. Naye huyu hapa.

Mama yako akupendaye,
Attracta

*Kaka, ule mpira wa mwisho ulikuwa wa beki. Njoo Agosti tugombane vizuri. C.*